Unalinganisha Nini na Nini?

Mama mwenzangu, je, umewahi kujitia kazi jikoni ili mtoto asikuulize swali la Kiingereza? Mimi nimewahi. Binti yangu alipoingia kidato cha kwanza, kila alipofungua daftari hilo nilikumbuka sufuria yangu motoni. Niliona haya asije akajua kwamba mama yake hajui.

Watoto wetu wengi hapa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakifika sekondari karibu masomo yote huwa kwa Kiingereza. Basi wanachukua kanuni za nyumbani na kwenda nazo ugenini. Nyingine huwasaidia, nyingine huwaponza.

Siku moja alirudi na jaribio lililojaa wino mwekundu. Alikuwa ameandika, "My mother's kanga is prettier than my aunt." Alilia, kwani kosa hakuliona. Nikamwambia, "Hebu nisomee kwa Kiswahili." Akasoma, "Kanga ya mama ni nzuri kuliko shangazi." Tukacheka sote wawili! Alikuwa amelinganisha nguo na mtu. Kwa Kiswahili tungesema "kuliko ya shangazi", na hiyo "ya" ndogo ndiyo inayotuokoa. Kwa Kiingereza kazi hiyo hufanywa na ritifaa pamoja na herufi s: "than my aunt's."

Kanuni ya pili ni ya orodha: maneno yanayofuatana yawe ya umbo moja. "She likes cooking, sewing and to sing" ni kosa. Wawili wamevaa sare, wa tatu amekuja na nguo za nyumbani! Sahihi ni "cooking, sewing and singing".

Lakini yapo mambo ambayo Kiswahili chetu hakisaidii. Ni ya kukariri tu. Sisi husema "napenda chai kuliko kahawa", kwa hiyo mtoto huandika "I prefer tea than coffee". Neno "prefer" hapa hutaka "to": "I prefer tea to coffee." Vivyo hivyo "senior to" na "junior to". Tena sisi husema "bora zaidi", naye huandika "more better", kumbe "better" peke yake imekwisha kuibeba ile "zaidi".

Mama, usingoje ujue Kiingereza ndipo ukae na mwanao. Mwambie akutafsirie sentensi yake, kisha umwulize maswali mawili: Unalinganisha nini na nini? Je, maneno haya yamevaa sare? Mara nyingi, katika kukueleza wewe, ataliona kosa mwenyewe. Na mkikwama, usione haya kusema, "Hapo sijui, mwanangu." Liandikeni swali hilo pembeni, kesho akamwulize mwalimu.

Jioni ya leo epua sufuria mapema, ukae naye nusu saa.