Bima ya Safari Fupi ya Treni: Je, Ina Faida?

Wahenga walisema ajali haina kinga. Bima nayo haizuii ajali. Kazi yake ni kuwafuta machozi waliobaki. Kwa hiyo swali la mwenye nyumba si kama treni yaweza kuanguka, bali ni nani atakayewalisha watoto iwapo mtafuta riziki ataumia njiani.

Treni ya abiria baina ya Kampala na Namanve ilifufuliwa Desemba 2015. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili njia itengenezwe, ikarejea mwaka 2024 chini ya Shirika la Reli la Uganda. Bima ya kawaida ya safari hulipia mizigo iliyopotea, safari iliyovunjika na matibabu ya ugenini. Abiria wa Namanve hana haja na hayo. Linalomhusu ni moja tu: kuumia au kufa.

Reli haifai kudharauliwa. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Lakini ile ilikuwa treni ya masafa marefu. Hata India, ambako tangu 2016 abiria anunuaye tiketi kwa mtandao huweza kujiwekea bima kwa malipo yasiyofika rupia moja, treni za mijini hazikuingizwa katika mpango huo.

Na ifanywe hesabu. Kama wakala angedai shilingi 500 kwa kila safari, mtu aendaye na kurudi siku 22 kwa mwezi angelipa shilingi 22,000, yaani 264,000 kwa mwaka. Fedha hizo zote zingemlinda akiwa ndani ya behewa tu. Akishuka na kupanda bodaboda, kinga imekwisha, ilhali barabarani ndiko kwenye hatari kubwa zaidi.

Kabla ya kununua kinga mpya, yafaa kujua ile iliyopo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humhesabu mfanyakazi aliyeumia akienda kazini moja kwa moja, au akirudi, kuwa ameumia kazini. Mzigo wa kuthibitisha ni wake. Basi tiketi isitupwe. Lakini sheria hiyo haiwahusu wanajeshi walio katika utumishi. Wao wana taratibu zao za pensheni. Stika ya bima ya gari, iliyofanywa ya lazima kwa sheria ya mwaka 1989, ni ya magari ya barabarani, wala haimfai abiria wa treni.

Aliye wazi kabisa ni mke wa askari auzaye nyanya sokoni Nakawa. Hana mwajiri wa kumdai, na huenda faida yake ndiyo inayolipa karo. Huyo ndiye wa kufikiriwa kwanza.

Shauri ni hili: bima ya kila safari iachwe. Mwenye akiba kidogo anunue bima ya ajali ya mtu binafsi ya mwaka mzima, ambayo humfuata mtu kwenye treni, bodaboda na hata jikoni. Kabla ya kutia sahihi, aulize mambo manne. Je, kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima? Je, ajali za bodaboda zimo? Je, askari aliye kazini ametengwa? Je, madai yapelekwe ndani ya siku ngapi?

Na liko jambo moja lisilogharimu hata senti. Kila askari akague majina ya warithi yaliyoandikwa katika kumbukumbu za kikosi chake. Wengi waliyaandika siku ya kuandikishwa, kabla ya kuoa, wakamtaja ndugu au mzazi ambaye sasa ni marehemu. Fidia hufuata karatasi, haifuati machozi.