Namba, vitone na karafuu

Jamani wadau, hapa chuoni siku hizi kazi nyingi zinazokusanywa ni vitone vitupu. Mie sikubaliani nalo. Tazama karafuu zetu za Pemba:

1. Chuma.
2. Chambua makonyo.
3. Anika juani.
4. Kauze ZSTC.

Hapo namba zimekaa pahala pake, maana hatua hazirukwi. Vifaa, yaani majamvi, vikapu na magunia, viwekee vitone, havina wa mbele wala wa nyuma. Lakini ukiulizwa kwa nini bei ya karafuu hupanda na kushuka, andika aya! Sababu huzaa sababu, inataka "kwa hiyo" na "ingawa". Sie walimu wa kesho tukiishia kwenye vitone, watoto watajifunza kwa nani kujenga hoja? Mnasemaje wadau?