Mpira Si Zawadi ya Aliyekwisha Pona

Kuna usemi unaorudiwa mara kwa mara katika vikao vyetu, nami nimechoka kuusikia: aliyekatwa mguu vitani apewe kwanza chakula, dawa na mguu bandia, habari za mpira zije baadaye. Usemi huu umevaa sura ya huruma. Uchunguze, utaona kwamba ndani yake mna hukumu: mtu huyo amebaki tumbo na kidonda tu, na heshima ya kuitwa uwanjani ni mali ya wenye miguu miwili.

Historia inaukanusha. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, tabibu aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi, alikabidhiwa majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wagonjwa wa aina hiyo walikuwa wakilazwa na kungojewa wafe. Yeye akawatoa vitandani. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki zilipofunguliwa London, majeruhi 16 walishindana kwa pinde na mishale katika uwanja wa hospitali ile. Zingatia: hawakupewa mchezo kwa kuwa wamekwisha pona. Mchezo ulikuwa sehemu ya tiba.

Hao walikuwa wamepooza, lakini kwa aliyekatwa mguu hoja ni ileile. Mwili wake umepoteza mizani; misuli ya kiuno, mgongo na mabega haina budi kujifunza kazi mpya. Mazoezi ya peke yake chumbani huchosha, na wengi huyaacha. Mpira ukirushwa kwako huna nafasi ya kuhesabu maumivu: unaufuata. Tena wenzako wanakungoja kesho saa kumi, na kungojwa na watu ni dawa ambayo hakuna duka linaloiuza.

Tazama Rwanda. Dominique Bizimana alikuwa mpiganaji wa RPF. Jean Rukondo alikuwa askari wa jeshi la serikali lililopigana na RPF. Kila mmoja alipoteza mguu katika vita ile. Baadaye wakacheza timu moja ya mpira wa wavu wa kuketi, na mwaka 2012 Rwanda ikapeleka timu hiyo kwenye Paralimpiki za London. Wanawake wakafuata Rio mwaka 2016. Katika mchezo huu miguu bandia huvuliwa, huachwa pembeni, na wote hukaa sakafuni. Kila anayegusa mpira sharti kiwiliwili chake kiwe kimegusa chini. Wachezaji ni sita kila upande. Uwanja una urefu wa mita 10 na upana wa mita 6; wavu uko mita 1.15 kutoka chini kwa wanaume, mita 1.05 kwa wanawake. Niambie basi, gharama tunayotishwa nayo iko wapi? Sakafu laini, wavu, mpira.

Lakini nina ugomvi pia na wanaoshangilia. Wao huwapenda Bizimana na Rukondo kama hadithi ya kuwasimulia wageni: maadui wamepatana, makofi tafadhali. Kisha mchezaji anarudi nyumbani na kukuta ngazi mlangoni mwa ofisi ya serikali, na basi lisilomsubiri apande na magongo yake. Sifa isiyojenga hata njia moja ya mteremko ni dhihaka.

Hapa nami nikiri kosa langu. Katika shule niliyofundisha zamani, mwanafunzi mmoja alikuwa amekatwa mguu. Kila kipindi cha michezo nilimpa kazi ya kulinda mashati ya wenzake, nikidhani ninamhifadhi. Maneno kama kiwete na kilema yana umbo la KI-VI, ngeli ya vitu, lakini Kiswahili sanifu husema kiwete amefika, si kimefika. Sarufi imekataa kumfanya mtu kuwa kitu. Sarufi ilikuwa na busara kuliko mwalimu wake.

Wala hatuombi sadaka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, katika kifungu cha 30, unautambua mchezo kuwa haki, na unataja hata michezo ya watoto shuleni. Anayesema mpira uje baadaye anaahirisha haki, na inafaa aulizwe baadaye hiyo ni lini.

Kwa hiyo, kazi ya juma hili si ya kuandika insha. Chukueni utepe, mpime ukumbi wa shule yenu, mita 10 kwa 6. Ukienea, mwandikieni mkuu wa shule barua rasmi ya kuomba wavu, kisha mniletee jibu lake darasani.