Aibu Si Dhambi: Nafasi ya Waliojeruhiwa katika Meza ya Bwana



Tangu tarehe 18 Agosti 2024, Wakristu wa Fizi na Baraka wana wenyeheri wao. Siku hiyo, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo, kwa niaba ya Papa Fransisko, aliwatangaza wenyeheri Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Bruda Vittorio Faccin, wamisionari Wasaveri kutoka Italia, pamoja na Abbé Albert Joubert, mzaliwa wa nchi yetu, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mkongo. Wote wanne waliuawa tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, wawili Baraka na wawili Fizi.

Habari hiyo tunaisimulia kwa fahari, na tunayo haki ya kufanya hivyo. Lakini ardhi ile ile iliyopokea damu ya wafiadini imepokea pia machozi ambayo tunayataja kwa sauti ya chini, au hatuyataji kabisa. Ni machozi ya wanawake na wasichana waliobakwa katika vita vyetu, ya wanaume waliotendewa unyama huo wakanyamaza, na ya watoto waliozaliwa kutokana nao, ambao hadi leo huitwa kwa majina yasiyofaa kuandikwa hapa. Wengi wao ni wabatizwa. Wengi wanatamani kusali pamoja nasi, lakini wanakaa mlangoni mwa kanisa, au wamejizuia wenyewe wasikomunike, kwa sababu wamesadiki kwamba wamechafuka mbele ya Mungu.

Maoni yetu ni haya: aibu ya mtu aliyetendewa uovu si dhambi. Maadamu tunachanganya mambo haya mawili, hatumwongozi mtu huyo kwa Kristu, bali tunamfungia njia.

Tukumbuke yaliyotokea Fizi tarehe 1 Januari 2011. Siku ya Mwaka Mpya, askari wa jeshi la taifa, ambao wajibu wao ulikuwa kuwalinda raia, waliwashambulia watu wa mji huo, wakapora mali na kuwabaka wanawake wengi. Majuma machache baadaye mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka ili kusikiliza kesi hiyo. Wanawake 49 walitoa ushuhuda, wengi wakiwa wamefunika nyuso zao ili wasitambulike. Tarehe 21 Februari 2011, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu, na baadhi ya askari wake walihukumiwa pamoja naye. Kamanda kuadhibiwa kwa ubakaji lilikuwa jambo geni mashariki mwa Kongo.

Tuzitafakari nyuso zile zilizofunikwa. Katika chumba kile, aliyestahili kuficha uso wake alikuwa nani? Mahakama ilitamka waziwazi mwenye hatia ni nani, lakini hukumu ya mahakama huishia mlangoni pa mahakama. Haiingii nyumbani ambamo mume amekwisha kutandika mkeka wake peke yake. Haiendi kisimani ambako wanawake wengine hunyamaza ghafla mwenzao anapofika na ndoo yake. Katika desturi zetu ndoa ni jambo la koo mbili, na aibu ya mmoja huhesabiwa kuwa ya wote. Ndiyo maana wazee wengi, wakidhani wanaokoa jina la ukoo, humwambia aliyeumizwa neno moja tu: nyamaza.

Neno hilo si geni katika Maandiko. Kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 13, kinatusimulia habari za Tamari, binti wa mfalme Daudi. Ndugu yake Amnoni alimdanganya, akamtenda jeuri, kisha akamchukia na kuagiza afukuzwe na mlango ufungwe nyuma yake. Tamari alijipaka majivu kichwani, akalirarua vazi lake, akaenda akilia. Absalomu, kaka yake, alimwambia anyamaze. Daudi, baba yake, alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni, wala kwamba alimwita binti yake amfariji. Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni. Hivyo kisasi kilipatikana, lakini Tamari alibaki mkiwa katika nyumba ya kaka yake, na hatumsikii tena katika masimulizi hayo. Biblia haikuandika mambo haya ili tuyaige. Iliyaandika ili tuone jinsi familia nzima inavyoweza kushughulikia heshima yake na kumsahau mtu mwenyewe.

Kanisa lilikutana na swali hili mapema. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410, wanawake Wakristu, hata mabikira waliowekwa wakfu, walibakwa na askari. Walikuwapo waliowacheka, na walikuwapo waliosema kwamba ingekuwa afadhali wangejiua. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliwajibu katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu. Alifundisha kwamba usafi wa moyo ni fadhila ya nafsi, na makao yake ni katika utashi. Mtu mwingine anaweza kuushinda mwili wangu kwa nguvu, lakini hawezi kuufanya utashi wangu ukubali nisichokubali. Pasipo kukubali hapana dhambi, na pasipo dhambi usafi haukupotea. Mafundisho haya yana umri wa miaka 1600. Inashangaza kwamba hayajafika katika mashirika yetu yote.

Hapa lazima tuseme neno juu ya Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, kwa maana tunampenda, na mapendo hayo yasitumike vibaya. Aliuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964, siku tatu tu baada ya wafiadini wetu wa Fizi na Baraka, kwa sababu alikataa kumkubali kanali wa waasi. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Yako mahubiri ambayo humsifu Anuarite kwa namna inayomfanya mama aliyebakwa akabaki hai ajiulize kama kosa lake ni kwamba hakufa. Hiyo si heshima kwa Anuarite. Kanisa linamheshimu kwa uaminifu wa utashi wake hata kufa, na utashi huo huo, kama alivyofundisha Augustino, haukuvunjika ndani ya mwanamke aliyezidiwa nguvu, akaishi, akarudi kulea watoto wake. Taji la mfiadini si hukumu juu ya aliyenusurika.

Basi Yezu anampokeaje mtu mwenye aibu? Tusome Marko, sura ya 5. Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili alihesabiwa kuwa najisi, na kwa Sheria hata aliyemgusa alikuwa najisi. Alikuja kwa nyuma, katikati ya umati, akagusa vazi la Bwana, akapona. Yezu angeweza kumwacha aende zake kimyakimya, lakini alisimama na kuuliza ni nani aliyemgusa. Hakuuliza ili amwaibishe. Wote waliomjua kama najisi walikuwa pale, na wote walipaswa kusikia akiitwa binti. Kupona kulitokea kwa siri, lakini kupokelewa kulitangazwa hadharani. Mwili ulikuwa umekwisha kutibiwa, na sasa Bwana alimrudishia nafasi yake kati ya watu.

Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Kivu ya Kusini. Daktari Denis Mukwege, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi mjini Bukavu na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018, ni mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti. Kazi yake imetuonyesha kwamba aliyebakwa anahitaji tiba ya mwili, msaada wa nafsi, njia ya kujipatia riziki, na haki mbele ya sheria. Hospitali na mahakama zikimaliza sehemu yao, mtu huyo hupanda gari au mtumbwi na kurudi kwao. Je, akifika anapokelewa na nani? Hapo ndipo kazi ya shirika inapoanza, na hakuna daktari wala hakimu atakayeifanya badala yetu.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza: Je, hatufundishi kwamba sote ni wakosefu? Ndiyo, tunafundisha. Lakini mwalimu mwema hutenganisha masomo mawili yasiyofanana. Aliyetenda dhambi huhitaji msamaha, naye anapewa sakramenti ya kitubio. Aliyetendewa dhambi huhitaji kufarijiwa na kurudishiwa heshima. Siku alipouawa, Padri Carrara alikuwa kanisani Baraka akisikiliza maungamo, na hilo latukumbusha kwamba mlango wa huruma ulikuwa wazi katika mji wetu hata saa ile ya mwisho. Mlango huo uko wazi hata kwa kijana aliyebeba bunduki msituni, aliyeiba na kuua, naye leo anarudi akiwa na aibu inayotokana kweli na matendo yake. Huyo atubu, aungame, na atengeneze alichoharibu kadiri awezavyo. Msamaha wa Mungu haumwondolei wajibu mbele ya aliyemwumiza, wala mbele ya sheria. Lakini tusimsukume mama aliyebakwa katika mstari ule ule, kana kwamba yeye na aliyemtesa wana deni moja. Akituuliza kama ni lazima aungame yaliyompata, tumjibu bila kusitasita: hapana, mama, hapo hakuna dhambi yako.

Na watoto? Katika sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kupewa daraja takatifu bila kibali maalumu. Sheria ya mwaka 1983 ililiondoa zuio hilo. Kuhusu ubatizo wa mtoto mchanga, sheria hiyo inadai kuwe na tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani, na ridhaa ya walau mzazi mmoja. Basi ridhaa ya mama inatosha, na asidaiwe jina la baba asiyemjua, au ambaye hataki kumkumbuka. Msimamizi mmoja naye anatosha. Ikiwa Mama Kanisa amemfungulia mtoto huyu milango yote, sisi walei tutaifunga kwa mamlaka gani?

Wengine wanadhani kwamba aliyepitia mambo hayo anaweza kuvumiliwa kanisani, lakini hawezi kufikia utimilifu wa maisha ya kiroho. Mtakatifu Yosefina Bakhita anawajibu. Alizaliwa Darfur, akatekwa akiwa mtoto, akauzwa mara nyingi, akapigwa na kuchanjwa mwili, hata akalisahau jina alilopewa na wazazi wake. Italia alimjua Kristu, akabatizwa tarehe 9 Januari 1890, kisha akawa mtawa, na mwaka 2000 akatangazwa mtakatifu. Papa Benedikto XVI, katika barua yake ya mwaka 2007 juu ya matumaini, alimtoa kuwa mfano wa mtu aliyegundua kwamba anajulikana, anapendwa na anangojewa. Makovu yake hayakufutika. Yalichofutika ni mamlaka ya wale waliomtia makovu, waliodhani wana haki ya kusema yeye ni nani.

Tunapendekeza mambo matatu yanayowezekana katika kila shirika, toka Fizi mlimani hadi Baraka na Ubwari ziwani. Kwanza, tuchunge ndimi zetu: majina ya kejeli kwa mama au kwa mtoto yakomeshwe, na kiongozi awe wa kwanza kukemea. Pili, tusimlazimishe mtu kusimulia. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua, lakini ni mgonjwa anayechagua wa kumwambia, wala ushuhuda si kodi ya kuingilia kanisani. Tatu, tuwape nafasi inayoonekana: kusoma Neno, kuimba, kufundisha watoto, kuandaa altare. Na mume aliyemwacha mke wake kwa sababu hiyo atembelewe na wanaume wenzake, wazee wenye heshima, wamweleze kwamba mke wake hakumkosea.

Wenyeheri Luigi, Vittorio, Giovanni na Albert hawakuwakimbia watu wa Fizi na Baraka wakati wa hatari. Basi nasi tusiwakimbie watu wale wale wakati wa aibu. Jumapili ijayo, mmoja wao akiwa amesimama nje karibu na mlango, mtu atoke, amsalimu kwa jina lake, na kumkaribisha ndani wakae pamoja.