Kichwa Kigeuke, Mkono Utulie

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu aliyezoea jambo baya asiweze kuliacha. Lakini hata jambo jema lina taabu yake kabla halijazoeleka. Juma hili tutalitazama jambo moja la namna hiyo, ambalo huingia nyumbani kwa mlango wa kompyuta: kijana aketiye mbele ya kioo akijifunza kurusha ndege ya kuigiza, huku kamera ndogo ikikifuata kichwa chake kila kigeukapo.

Mashine au programu ya kuigizia urukaji huitwa simuleta. Mzazi apitaye mlangoni huona mwanawe akishika usukani mdogo wa mezani na kukodolea macho mita za ndege, akadhani kazi yote ya rubani ni hiyo. Sivyo. Ndege ndogo irukapo mchana katika hewa safi, rubani hutumia sehemu kubwa ya wakati wake kutazama nje: kushoto, kulia, juu na chini, kisha hutupia mita jicho la haraka na kurudi nje tena. Askari wa zamu langoni ataelewa upesi. Hawezi kukesha akiisoma saa yake ya mkononi na kusema kwamba amelinda.

Jambo hili si la mchezo. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 na ndege ya abiria aina ya Dash 8 ziligongana angani muda mfupi baada ya ile ya abiria kuruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Ndege ya abiria ilirudi uwanjani salama, lakini watu wawili waliokuwa katika ndege ndogo walifariki. Safu hii haiamui ajali ile ilisababishwa na nini, wala haimlaumu mtu. Twaikumbuka kwa kuwa yatuonyesha kwamba anga, pana ilivyo, huwa finyu karibu na viwanja vya ndege, na kila aliyemo humo anahitaji macho.

Sasa, simuleta tangu mwanzo wake ilikuwa na upungufu katika jambo hili hili. Mmarekani Edwin Link aliitengeneza yake mwaka 1929, akitumia mifuko ya kupulizia upepo aliyoijua katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda. Mwaka 1934, baada ya marubani wa jeshi la Marekani waliopewa kazi ya kubeba barua kufa katika hali mbaya ya hewa, jeshi hilo lilinunua mashine sita za Link. Mwanafunzi aliketi ndani, akafunikwa juu, asione kitu ila mita. Somo lilikuwa kuruka gizani na katika mawingu, na kwa somo hilo mashine ilifaa sana. Lakini haikumfundisha mtu kutazama nje, kwa sababu nje haikuwapo.

Kompyuta za nyumbani ziliileta nje hiyo, ila kwa kipande kidogo. Kioo cha mezani ni mfano wa dirisha moja la mbele. Ili kutazama bawa la kushoto, kijana alilazimika kubonyeza kitufe, na picha ikaruka ghafula. Kwa kuwa kubonyeza ni usumbufu, wengi waliacha kutazama pembeni kabisa, wakazoea kuruka kwa mita. Hii ndiyo tabia ambayo walimu wa urubani huilalamikia kwa wanafunzi waliotokea kwenye simuleta za nyumbani: macho yao hubaki ndani ya ndege.

Kifaa cha kufuata kichwa kilibuniwa kuondoa udhia huo. Kamera huwekwa juu ya kioo. Mtumiaji huvaa kofia yenye vipande vitatu vinavyorudisha mwanga usioonekana kwa macho, au taa ndogo zilizobandikwa katika visikizio vya kichwani. TrackIR ya kampuni ya Marekani NaturalPoint hufanya kazi kwa njia hii. Kwa mwenye kipato kidogo ipo programu iitwayo opentrack, itolewayo bure, ambayo yaweza kuutambua uso kwa kamera ya kawaida ya kompyuta bila kofia yoyote. FlightGear nayo ni simuleta ya bure. Basi familia yenye kompyuta inayofaa na kamera haina haja ya kununua zaidi ili kujaribu.

Ajabu ya kifaa hiki ni kwamba hukuza mwendo. Ukikigeuza kichwa kweli hadi bega la kushoto, macho yataondoka kwenye kioo na hutaona ila ukuta wa sebule. Kwa hiyo kichwa hugeuka kidogo na picha hugeuka sana. Kwa kadiri kilivyorekebishwa, digrii 20 za kichwa zaweza kuwa digrii 90 au zaidi za picha. Wakati huo huo macho hurudi upande wa pili ili yasiachane na kioo. Kichwa kinakwenda kushoto, macho yanakwenda kulia, na picha inakimbia kuliko vyote viwili.

Hapo ndipo mwili unapokataa. Ndani ya sikio mna kiungo kinachouarifu ubongo jinsi kichwa kinavyogeuka. Kiungo hicho hutoa habari ya mgeuko mdogo, macho hutoa habari ya mgeuko mkubwa, na ubongo, kama hakimu aliyeletewa mashahidi wawili wanaopingana, hufadhaika. Matokeo yake ni kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Mwanzoni wengine huona pia kwamba picha inatetemeka, maana hata pumzi hukitikisa kichwa kidogo. Wengi wanaoacha kifaa hiki huacha katika siku hizi za kwanza, wakisema hakifai.

Lipo tatizo la pili, na wakazi wa Busia watalitambua. Inasemekana jina la boda boda lilizaliwa hapo hapo, baiskeli zilipokuwa zikiwavusha abiria kati ya kituo cha mpaka cha upande huu na cha upande wa pili. Mtazameni mtu anayejifunza baiskeli. Mwambie atazame nyuma kama kuna lori, naye atageuza kichwa, bega litafuata kichwa, mkono utafuata bega, na baiskeli itaingia mtaroni. Mwendeshaji aliyekomaa hugeuza kichwa peke yake. Mikono haina habari. Vivyo hivyo kwenye simuleta. Kijana akitazama kushoto, mkono huvuta usukani kushoto, na ndege huinamisha bawa bila kuamriwa. Kosa hili si la kamera, na hata angani mwanafunzi wa urubani hulifanya. Kwa hiyo kulirekebisha nyumbani ni faida halisi.

Basi mazoezi yaendeje? Vyuo vya ualimu hufundisha kwamba mwanafunzi aanze na jepesi ndipo aendelee kwa gumu. Tufuate utaratibu huo.

Kwanza, andaa mahali. Kiti kiwe kisichozunguka, maana kiti kikizunguka kamera haijui kama umegeuza kichwa au mwili mzima. Kamera isielekee dirisha lenye jua wala taa kali, kwa sababu mwanga huo huichanganya. Lakini kwa kamera ya kawaida inayosoma uso, chumba kisiwe na giza, maana itachelewa, na picha inayochelewa huchafua roho kuliko inayokimbia. Chagua kitufe kimoja cha kurudisha picha katikati, kiwe karibu na kidole.

Pili, punguza. Kifaa chaweza kusoma mienendo sita: kugeuka pande mbili, kuinama na kuinuka, kulaza kichwa begani, kusogea pembeni, kusogea juu na chini, na kusogea mbele na nyuma. Mwanzoni acha miwili tu, kugeuka na kuinama. Kulaza kichwa kuzimwe kabisa, kwa kuwa picha ikilala upande hutibua tumbo upesi. Weka pia eneo la utulivu katikati, ambamo kichwa kikitikisika kidogo picha haisogei, ili mita zisomeke. Ukuzaji uwe mdogo. Afadhali kwa siku chache usiweze kuona mkia wa ndege kuliko kuona kila kitu na kutapika.

Tatu, siku ya kwanza usiruke. Ndege ikae uwanjani, injini imezimwa. Tazama bawa la kushoto, rudi katikati. Tazama la kulia, rudi katikati. Soma mita ya mwinuko, inua macho. Dakika kumi zatosha. Kesho fanya hivyo tena, kisha ruka moja kwa moja bila kona. Siku zinazofuata ongeza kona pana, na ukuzaji uongezwe kidogo kidogo.

Nne, likiwa jepesi, nenda Tororo. Programu nyingi zina ramani ya dunia nzima, na sisi tuna alama ambayo wageni hawana: Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko yapata mita 1,483 juu ya usawa wa bahari. Hata kama programu imeuchora kwa sura duni, wafaa. Panda hadi futi 6,000, uuweke mwamba upande wa kushoto, na uuzunguke kwa duara pana. Tazama mwamba, tazama pua ya ndege, soma mwinuko, tazama kulia kama kuna ndege nyingine, rudi kwenye mwamba. Mwinuko usibadilike na duara lisiharibike. Ukiona ndege inazama kila utazamapo mwamba, ujue mkono bado unafuata kichwa. Ukimaliza, elekea kusini hadi Busia, ukitafuta barabara na mji kwa macho, si kwa mita. Katika ulimwengu huu wa kioo utaukata mpaka mara nyingi upendavyo bila kuonyesha pasi. Angani kwa kweli jambo hilo lina sheria na vibali vyake.

Dalili ya kuzoea ni kusahau. Siku moja kijana atageuka kwa ajili ya kutua, atautazama uwanja juu ya bawa, na hatakumbuka kwamba ana kamera mbele yake. Wengine hufika hapo kwa siku chache, wengine kwa majuma. Hapana aibu katika kuchelewa.

Lakini yapasa tuonye. Kichefuchefu kikianza, acha mara moja. Usijikaze kiaskari. Ukijilazimisha, mwili hujifunza kukichukia kifaa chenyewe, na kesho tumbo litachafuka kabla hujawasha kompyuta. Pumzika, tembea nje, na usiendeshe gari wala pikipiki mpaka kizunguzungu kiishe kabisa. Shingo nayo isikazwe kwa saa nyingi. Mgongo uegemee kiti, na mazoezi yakatizwe na mapumziko.

Huenda mzazi akauliza: "Mwanangu, hayo yatakupa kazi?" Naye mtoto asiudanganye moyo wa mzee wake. Saa za kompyuta ya nyumbani hazihesabiwi katika leseni. Kwa kanuni za kimataifa, leseni ya rubani binafsi hudai kwa kawaida saa 40 za kuruka, na ya rubani wa biashara saa 200, ingawa kozi iliyoidhinishwa yaweza kupunguza hesabu hiyo. Kila saa ya ndege ya kweli ina gharama kubwa. Kutoka Tororo, ukipita Mbale na Kumi, utafika Soroti, ambako chuo cha urubani kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kubaki Uganda baada ya Jumuiya ile kuvunjika mwaka 1977. Kijana afikaye chuo kama hicho akiwa tayari ametenganisha kichwa na mkono hatatumia saa za thamani kujifunza jambo aliloweza kulijifunza nyumbani. Hiyo ndiyo faida, wala tusiikuze kupita hapo.

Kuna deni moja ambalo lazima alilipe siku ya kwanza angani. Kwenye kioo amezoea kugeuza kichwa kidogo na kuona mengi. Ndani ya ndege ya kweli hakuna ukuzaji. Digrii 20 za shingo ni digrii 20 tu, na ndege nyingine iliyo nyuma ya bega haitaletwa mbele yake na kamera. Itambidi ageuze shingo yote, ainame, atazame chini ya bawa na nyuma ya nguzo ya dirisha. Hata simuleta kubwa za mashirika ya ndege, zenye vioo vilivyozunguka chumba cha rubani, humdai mtu ageuze kichwa chake sawasawa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyezoea kifaa aambiwe wazi: hifadhi tabia ya kutazama, acha kipimo chake.

Ndugu wasomaji, mzazi asiyejua kurusha hata kishada anaweza kusaidia. Aketi kando ya mwanawe na kumwuliza kila baada ya dakika mbili: "Kulia kwako kuna nini? Na kushoto?" Kijana akijibu bila ndege kuyumba, somo limeingia. Akikaa kimya huku macho yamegandamana na mita, arudi Tororo akauzunguke mwamba tena.