Kontena tupu: Forodha humsamehe mgeni, mfanyabiashara hulipa

MTU anayesimama kandokando ya Barabara ya Mandela, jijini Dar es Salaam, huona malori yakitoka bandarini na makontena ya kwenda Zambia, Malawi, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengi hujiuliza kilichomo ndani. Ni wachache wanaojiuliza kama sanduku lenyewe la chuma, ambalo nalo ni mali yenye thamani iliyotoka ng'ambo, hutozwa ushuru linapovuka mpaka.

Kwa kawaida halitozwi, alimradi litoke tena. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, kontena lina fungu lake, namba 8609. Kanuni za mfumo huo zinaeleza kwamba kifungashio cha kawaida, mfano boksi la karatasi, huhesabiwa pamoja na bidhaa iliyomo. Kile kinachofaa kutumika tena na tena hutengwa na bidhaa hiyo.

Utaratibu huu una historia. Aprili 26, 1956, meli Ideal X ya mfanyabiashara wa Marekani, Malcom McLean, iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Mwaka huo huo ulipatikana mkataba wa kwanza wa forodha kuhusu makontena, na mwaka 1972 ukaandikwa mwingine mjini Geneva kuchukua nafasi yake.

Mkataba wa 1972 unazitaka nchi wanachama kuyapokea makontena kwa muda bila ushuru na, kwa kawaida, bila hati za forodha wala dhamana. Sharti ni kwamba kontena liondoke katika miezi mitatu, muda ambao mamlaka za forodha zinaweza kuuongeza. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 1990 uliweka muda usiopungua miezi sita.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ndivyo forodha inavyolitazama kontena. Likipitisha muda, au likiuzwa na kugeuzwa duka, ofisi ama ghala, limekwisha kuwa bidhaa iliyoingizwa nchini, na kodi zake zinapaswa kulipwa.

Kinachowezesha kulegeza masharti hayo ni utambulisho. Kila kontena la kimataifa hubeba herufi nne na tarakimu saba zinazoonyesha mmiliki na namba yake. Mwenye kumbukumbu sahihi za bandarini na mpakani anaweza kujua lini liliingia na lini lilitoka.

Hata hivyo, hofu ya mamlaka za kodi haikosi msingi. Mwishoni mwa mwaka 2015, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, Kassim Majaliwa, alifichua kwamba makontena 349 yalikuwa yametolewa bila kulipiwa kodi ya takriban Sh80 bilioni. Tatizo hapo lilikuwa shehena, si masanduku. Lakini tukio hilo lilidhihirisha kwamba namba iliyoandikwa ubavuni mwa kontena haina faida iwapo kumbukumbu zimevurugwa.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba msamaha wa forodha haumwondolei mfanyabiashara mzigo. Kontena ni mali ya kampuni ya meli au ya mkodishaji, na mkataba wa usafirishaji huweza kumtaka mteja aweke amana na kulipia kila siku inayozidi muda wa bure. Kwa hiyo kuna saa mbili zinazokwenda kwa pamoja: ya forodha inayohesabu miezi, na ya kampuni ya meli inayohesabu siku.

Kwa mteja wa Dar es Salaam, tofauti hiyo si kubwa. Kwa mteja wa Lubumbashi, umbali wa karibu kilometa 2,000, ni jambo zito. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ni ya mwaka 2004. Lakini lori la Lubumbashi hupitia Tunduma na Kasumbalesa, likikatisha Zambia ambayo si mwanachama. Foleni katika mpaka wowote kati ya hiyo huongeza siku, na siku hizo zina bei.

Ndiyo maana baadhi ya wafanyabiashara huamua kufungua kontena Dar es Salaam na kupakia mzigo moja kwa moja kwenye lori. Huokoa amana, lakini lakiri hukatwa, mzigo huwa rahisi kuibwa au kuharibika, na forodha hulazimika kuukagua upya. Kifaa kilichobuniwa ili mzigo usiguswe njiani huachwa bandarini kwa sababu ya gharama ya kukirudisha.

Mwaka 2021, makontena tupu yalipoadimika duniani na nauli za meli kupaa, ilidhihirika kwamba sanduku lililokwama mahali fulani ni hasara kwa mtu aliye kwingine.

Mambo mawili yangepunguza hasara hiyo. Kwanza, taarifa za forodha za kutoka na kurudi kwa kontena zingewafikia mawakala wa meli papo hapo, ili amana irejeshwe bila mabishano. Pili, makontena tupu yangepokelewa katika bandari kavu za bara zilizo na reli, kama ile ya Isaka, Shinyanga, badala ya kila lori kulazimika kulirudisha sanduku hadi pwani.

Hadi hapo, atakayelipia safari ya sanduku tupu ni mnunuzi wa mwisho, kwa kuwa gharama hiyo huingizwa katika bei ya bidhaa dukani.