Simu Haijui Kama Unatazama kwa Woga

Zamani shangazi akikuuliza "mbona umekonda hivi?" alikuwa anakupa pole. Kukonda kulimaanisha ugonjwa au shida nyumbani. Leo kuna msichana wa miaka 14 ambaye akiulizwa hivyo anafurahi, halafu usiku anasema ameshiba kabla hata ya kula.

Nini kimebadilika? Wengi watasema ni tamaa ya kuiga wazungu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na naona kuna jambo jingine.

Tuanzie Fiji. Huko nako mwili mnene ulikuwa sifa. Televisheni iliingia mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker wa Harvard akawahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, kisha tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ili apungue. Miaka 3 baadaye walikuwa asilimia 11.3. Na hiyo ilikuwa televisheni tu, inayomwonyesha kila mtu picha zile zile.

Simu inakuchagulia. Programu ya mapendekezo huhesabu umetazama sekunde ngapi na umerudia mara ngapi. Haijui kama ulitazama kwa kupenda au kwa woga. Binti akisimama kwenye video moja ya kupunguza tumbo, kwake hiyo ni kura. Analetewa nyingine, kali zaidi.

Mwaka 2021 ofisi ya seneta wa Marekani, Richard Blumenthal, ilifungua akaunti ya Instagram kwa jina la msichana wa kubuni wa miaka 13, ikafuata kurasa za kujinyima chakula. Ndani ya siku moja mapendekezo yalijaa kurasa za kuhimiza kujinyima na kujidhuru.

Sisemi simu ndiyo mkosaji pekee. Utani wa darasani unauma, na sisi ndugu tunachangia tukimwita mtoto "kibonge" mbele ya wageni. Lakini utani wa darasani huishia getini. Simu inalala naye kitandani.

Kuna wanaosema haya mambo hayarekebishiki, ndivyo teknolojia ilivyo. Si kweli. Mwaka 2022 kampuni ya WW, iliyokuwa na programu ya Kurbo ya kupunguza uzito kwa watoto kuanzia miaka 8, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 huko Marekani. Kosa lilikuwa kukusanya data za watoto bila idhini ya wazazi. Ikaamriwa ifute data hizo pamoja na algorithimu zilizotengenezwa kwazo. Kwa hiyo kilichoandikwa na mtu kinaweza kufutwa na mtu.

Wenzangu waandishi wa programu, tukiambiwa tuongeze muda wa watu kukaa kwenye skrini, tuulize kwanza: muda wa nani, na anatazama nini? Nawe mzazi, kabla ya kumnyang'anya simu, keti naye mtazame pamoja anacholetewa.

Wewe waonaje?